Landrova ya Mzee Timotheo na Bomba la Dawa

Hii hamtaiamini, na asiyeamini ateremke Soni akawaulize wauza plamu. Kuna gari lilipanda mlima mpaka Vuga likinyweshwa petroli kwa bomba la kupulizia dawa ya nyanya. Bomba lile lile la kubeba mgongoni. Na aliyekuwa analinywesha ni mama mtu mzima, mzee wa kanisa, kakaa juu ya madigadi ya mbele, kitenge kakifunga barabara, upepo unampiga usoni. Hiyo wauza plamu watakuhadithia mpaka na ishara za mikono. Lakini hiyo ndiyo ndogo. Kubwa ni kile mkono wa yule mama ulichofanya wakati nyumba inaonekana kabisa, na hicho hakuna mwuza plamu anayekijua.

Yule mama anaitwa Yudith, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Timotheo wa Vuga. Siku hiyo aliamka amechoka. Kuna uchovu wa jembe, huo ukilala unaisha. Yeye alikuwa na ule mwingine, wa kuuguza. Alimwuguza baba yake mpaka akamzika, akapika msiba, akawasindikiza wageni, wakaanua tanga, na siku ya kuanua tanga wenyewe wakakaa kikao cha kugawana. Shamba liligawanywa vizuri, hata migomba haikuleta maneno. Maneno yalikuja kwenye gari.

Gari lenyewe ni Landrova ya petroli, ya kabureta, ya zamani kiasi kwamba rangi yake kila mtu anaitaja tofauti. Mzee alibebea kabichi, alibebea maharusi, alibebea majeneza. Alipoanza kuumwa, Sefania, mtoto wa mwisho, akaliendesha yeye, akahamia nalo Kwai kubeba maziwa ya watu. Likamfia huko huko.

"Mwite Dotto wa vyuma chakavu aje na mizani yake," alisema Alen, yule wa pili, anayeishi Tanga. "Lile si gari tena."

"Lile gari ni zima," Sefania akasema.

"Zima? Lina muda gani halijawaka?"

"Ni zima, limelala tu."

Watu wakacheka, halafu wakamgeukia Yudith, maana baba akishaondoka, macho humwangukia mtoto wa kwanza. Yudith akawaza kidogo, akasema: "Jumamosi Dotto atakuja. Sefania, ukilifikisha hapa uwanjani kwa injini yake, halijasukumwa, halijavutwa, ni lako. Likishindwa, linapanda mizani. Nitakuja Kwai mwenyewe nipande nalo, niwe shahidi."

Kila mtu akasema dada amehukumu vizuri. Hawakujua kwamba alichagua sharti lisilowezekana, akalichagua makusudi.

Maana kulikuwa na neno. Wiki ya mwisho ya mzee, Yudith alikuwa anamnywesha uji, wako wawili tu chumbani, mzee akamshika mkono akasema, "Lile gari msimwachie mdogo wenu. Litamla kama lilivyonila mimi." Mzee alikufa kwa kifua. Maisha yake yote alikuwa ananyonya petroli kwa mpira, kwa mdomo, anatema, ananyonya tena. Kama ni petroli kama si petroli, Yudith si daktari. Ila neno la anayekufa si la kutupa. Na yeye hakulisema pale kikaoni, kwa sababu Sefania, kila akija kutoka Kwai, ndiye aliyekuwa anambeba mzee mgongoni kwenda chooni usiku na mchana. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba baba alikunyima? Akaona bora gari limnyime lenyewe.

Basi Ijumaa alilala Lushoto kwa binti yake Happiness, akapitia bomba lake la dawa kwa fundi, lilikuwa linavuja kwenye kishikio, likabadilishwa washa, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja. Jumamosi asubuhi akafika Kwai, bomba mgongoni, kikapu mkononi, ukungu umefunika mpaka huoni ng'ombe unawasikia tu. Miguu miwili ilikuwa imetokeza chini ya Landrova.

"Hodi humo chini."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umelala humo?"

"Nimeamka nalo. Dada, una sabuni?"

Na sabuni alikuwa nayo. Hapo ndipo alipojishangaa. Asubuhi wakati anafunga kikapu alitia mche wa sabuni bila kufikiria, kwa mazoea ya utotoni. Kwao sabuni ya kuogea ilikuwa haikai, tangi la gari ndilo lililokuwa linaoga. Tangi likitoboka, mzee anachukua kipande cha sabuni, anakikanda na maji kidogo mpaka kinakuwa kama ugali, anasugua kwenye ufa. Maji yanayeyusha sabuni, petroli haiyeyushi. Watoto walienda shule wamejisugua na majani, gari linanukia sabuni.

Akampa. Sefania akasugua, tangi likaacha kudondosha. Akatoka chini, akasimama kwenye injini, kumbe pale kwenye mpira unaopeleka mafuta nako kunavuja. Mpira ulikuwa umepasuka-pasuka kama kisigino cha kiangazi.

"Ukiziba huku kunatokea kule," Sefania akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

"Si ununue mpya?"

"Nimezunguka Lushoto nzima. Mpira wa saizi hii hawana, wananiuliza, hiyo ni gari au ni cherehani."

Akachukua tyubu ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akazungushia mpira, akakaza kwa waya. Yudith alimwangalia. Petroli inaila tyubu, inaifanya uji, hilo hata mtoto wa mzee Timotheo aliyekuwa mgongoni alilijua.

"Tyubu hiyo?"

"Najua, dada. Itaoza. Ioze ikishafika Vuga."

Yudith alikaa juu ya jiwe akajisikia vibaya, na hapo hapo akajisikia vizuri, na vyote viwili vikamchosha.

Sefania akavuta choki, akapiga funguo, likakohoa, likanyamaza. Akafungua kabureta, akamwonyesha kile kibakuli chake cha ndani. "Kikavu. Wacha nikipe." Akakimiminia kidogo kwa kifuniko cha chupa. Kibakuli kile baba yao aliwahi kuwaeleza wakiwa wadogo, kwamba kabureta ni kama mama mwenye nyumba. Hata unga ukiisha ghalani ana kiakiba amekificha cha kumsogeza mtu mpaka kwa jirani. Safari hii likawaka. Likatetemeka lote, vioo vikalia, moshi ukachanganyika na ukungu, na Sefania akasimama pale mikono imelegea, hacheki. Alikuwa amechoka hata kufurahi.

Wakaondoka. Magamba wakapita, Lushoto mjini wakapita, watu wa stendi wakapiga miluzi. Barabara inateremka, na gari likiteremka halina makuu. Harufu ya petroli ilijaa ndani mpaka macho yanawasha. Yudith akafumba macho akamwona baba yake kanisani amekaa benchi peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa karibu na ile harufu.

Walipoipita Soni na mlima wa kwenda Vuga ukaanza, likakohoa mara ya kwanza. Likakohoa tena. Halafu likasimama taratibu, kama ng'ombe aliyeamua.

Sefania akafungua boneti. Ile tyubu ilikuwa imekuwa ute mweusi, na mpira wa chini yake umechanika wote. Akashika pampu ya mafuta, akaipiga kwa mkono, haikuvuta kitu. Ile ngozi ya ndani ilikuwa imetoboka nayo. Akakaa chini, mgongo kwenye tairi. Akafuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono.

"Dada, nimechoka."

Yudith hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Hata siku za kumbeba mzee hakulisema.

"Unajua baba alikuwa ananiuliza nini kila nikija kumwona?" Sefania aliendelea, anaangalia barabara. "Hanisalimii. Ananiuliza, 'Linawaka?' Na mimi namwambia linawaka, baba, linanguruma. Limekufa zamani, namwambia linanguruma. Basi ningelifikisha tu pale kwake mara moja, ule uongo ungekuwa kweli."

Yudith angelisema neno la baba pale pale, mambo yangeisha. Akafungua mdomo.

"Mama Hepi, onga mshi."

Alikuwa Tatu, mwuza plamu, anamsalimu Yudith kwa Kisambaa, kaweka ndoo zake kandokando ya barabara, wanajuana tangu wasichana na hawajawahi kuongea bila kuchokozana.

"Onga mshi, Tatu."

"Limekufa?"

"Limepumzika."

"Mnanuka kuliko koroboi ya bibi yangu. Msije mkaniharibia plamu, mteja akizila akawaka." Tatu akasogea, akachungulia injini kama mtu anayejua. "Lina kikohozi?"

"Mafuta hayafiki, mama," Sefania akasema. "Mpira umekufa na pampu imekufa."

"Na ninyi mmebeba bomba. Si mlipulizie dawa basi, lipone, mtoke hapa." Akacheka mwenyewe, akarudi kwenye ndoo zake.

Sefania hakucheka. Aliliangalia lile bomba la dada yake lililolala nyuma ya gari. Aliangalia mpira wake, mpya, imara, mweusi. Aliangalia kishikio chake cha kuminya. Akasimama.

"Dada."

"Usianze."

"Lina tangi. Lina mpira. Na lina pampu."

"Sefania, bomba langu hilo. Limetoka kwa fundi jana. Petroli itazila washa zote."

"Najua."

"Nina nyanya shambani."

"Najua, dada."

Hakubembeleza, na hilo ndilo lilimshinda Yudith. Angebembeleza angekataliwa. Mpaka leo hajui kwa nini alisema chukua. Labda mtu aliyechoka sana hukubali mambo kwa sababu kukataa nako ni kazi.

Wakalisuuza kwanza, maana chini kulikuwa kumebaki ule ubuluu wa dawa, kabureta haili dawa ya nyanya. Wakasuuza kwa petroli kidogo, wakamwaga, wakasuuza tena mpaka ikatoka safi. Sefania akachota petroli tangini kwa kunyonya na kile kipande cha mpira kilichobaki, mdomo kwa mpira, mashavu yakaingia ndani, akatema, akakohoa. Yudith aligeuza uso. Kikohozi kilikuwa kile kile. Kama ungefumba macho ungesema mzee amefufuka.

Bomba likajaa. Sefania akaitoa boneti nzima akailaza nyuma. Ncha ya kupulizia akaing'oa, akauchomeka mpira kwenye kabureta, akakaza kwa waya. Tatizo mpira ni mfupi, lazima mwenye bomba akae pale pale mbele. Madigadi za Landrova za zamani ni bapa kama meza, mtu anakaa vizuri tu.

"Mimi nashika usukani," Sefania akasema.

"Naona."

"Ukiona moto ruka, dada. Usiangalie bomba."

"Bomba nishaliaga."

"Sasa sikiliza. Ukiminya sana linafurika, linazimika. Ukiminya kidogo linakatikiwa. Minya kama..."

"Kama napulizia miche ya kitaluni. Panda gari, usinifundishe kupulizia."

Likawaka kwa mara ya kwanza tu. Tatu alisimama na plamu mkononi, mdomo wazi, halafu akaanza kuwaita wenzake mmoja mmoja kwa majina.

Wakapanda. Gia ya kwanza, mlima mrefu, vumbi jekundu. Yudith mkono wa kushoto anapampu wenzo ubavuni, taratibu, mkono wa kulia umeshika kishikio kifuani, anaminya, anaachia, anaminya. Akisikia injini inazama anaongeza kidogo. Akisikia inasongwa anapunguza. Joto la injini linampiga magotini, upepo baridi unampiga usoni. Watu wakatoka mashambani. Kijana wa bodaboda akawapita polepole, akageuka.

"Mama, mnapulizia wadudu gani?"

"Ndugu zangu."

Kwenye kona moja mkono ukafa ganzi, akabadilisha, wa kulia ukapampu wa kushoto ukaminya. Nyuma ya kioo alimsikia Sefania anaongea na gari. "Twende, mama. Twende, bado kidogo, twende." Maneno ya baba yao yale yale, sauti ile ile. Hajui kama anayasema. Hata Yudith mwenyewe kuna kipande cha barabara alisahau alikuwa shahidi, akabaki anasikiliza injini tu, kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga anavyopumua.

Halafu wakatokeza juu, na nyumba ikaonekana.

Aliona masale ya mpaka, ule mstari aliopanda babu yao, ndani ya pale ndiyo uwanja wa baba. Aliona Alen amesimama amekunja mikono. Aliona lori la Dotto, na mizani imeshaning'inizwa kwenye tawi la mparachichi. Kilibaki kimlima kimoja kifupi, kile ambacho mzee alikuwa anapanda akipiga honi.

Na nyuma yake Sefania akakohoa.

Kikohozi kidogo tu. Petroli bado ilikuwa kooni.

Yudith aliutazama mkono wake. Hakuna aliyeuona ule mkono. Sefania anaona mgongo wake na bomba, wale wa nyumbani wanaona mama aliyekaa juu ya gari. Mkono ulikuwa pale kifuani, wa kwake peke yake, na neno la baba lilikuwa la kwake peke yake. Msimwachie mdogo wenu.

Akaachia kishikio.

Hakuachia kwa bahati mbaya. Hata leo ukimbana atakwambia mkono ulichoka, na kweli ulichoka, lakini aliachia.

Akangoja gari lizimike. Halikuzimika. Liliendelea kunguruma, likaingia kwenye kile kimlima, likapanda, na yeye mkono hauminyi kitu. Akashtuka, akatazama mpira kama umechomoka. Uko pale pale. Ndipo akakumbuka kibakuli. Kiakiba cha mama mwenye nyumba, cha kumsogeza mtu mpaka kwa jirani. Likapanda. Likaanza kukohoa, likarukaruka, Sefania anasema twende mama twende mama, likapitisha pua katikati ya masale, likapitisha tairi za mbele, likafa.

Injini ikabaki inalia tik, tik, ya kupoa.

Alen akaja mpaka kwenye masale, akainama, akaangalia tairi za nyuma zilizobaki nje. "Hili halijafika. Nusu iko barabarani."

"Mimi hata nusu nachukua," Dotto akasema.

"Na hilo bomba ni la nini? Dada umekaa wapi huko?"

"Nimekaa kwenye gari."

"Sasa dada, wewe ndiye shahidi. Limefika au halijafika?"

Wote wakamtazama. Sefania hakumtazama. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani, mikono imeushika huku na huku, kama mtu aliyelala akiwa anasali. Hakuja kujitetea.

Yudith akashuka. Bomba lilikuwa limeshaanza kuvujia mgongo wake, washa zimekwisha. Neno la baba lilikuwa hapa, kooni. Angefungua mdomo tu lingetoka, na hakuna mtu Vuga nzima ambaye angebishana nalo.

"Limefika," akasema.

"Kwa injini yake?"

"Kwa injini yake. Mimi nilikuwa juu yake, wewe ulikuwa hapa umekunja mikono."

Dotto akacheka, akaenda kuteremsha mizani yake. Alen akatikisa kichwa, akaingia ndani kutafuta chai.

Jioni Yudith alikuwa ananawa mikono kwa kile kipande cha sabuni kilichobaki, harufu haitoki. Sefania akaja akasimama karibu.

"Dada, pale mwisho petroli ilikatika?"

"Mkono ulichoka."

"Pole, dada," akasema, na alimaanisha. Akachukua ile sabuni mkononi mwake, akarudi nayo kwenye gari, maana tangi lilikuwa limeanza tena kudondosha.

Sasa liko pale uwanjani. Likiwaka linabeba kabichi, lisipowaka Sefania anajilaza chini yake. Jumapili baada ya ibada, Yudith akiwa jikoni, anamsikia ananyonya mpira, anatema, halafu kile kikohozi kidogo. Neno la baba hajalisema. Kila Jumapili anasema atalisema, kila Jumapili anaona amechoka.

Basi niambie wewe unayesoma hapa. Ungekuwa wewe umeshika lile bomba, nyumba unaiona, mdogo wako anakohoa nyuma yako, mkono wako hakuna anayeuona: ungeachia, au ungeminya mpaka mwisho? Na wakishakuuliza limefika au halijafika, ungewajibu nini?